Sindano ya Kupinda

Daktari Halszka, kazi yangu ni viti.
Viti vya tramu kuukuu hapa Łódź, makochi,
sofa za wajane wa Mtaa wa Nawrot
wasiotaka kuzitupa kwa kuwa waume wao walifia humo.
Naijua sindano ya kupinda:
huingia pale mkono usipopita,
hutokeza upande wa pili kama mwezi mchanga,
na uzi hufuata.

Kwa hiyo uliponieleza, asubuhi ya tatu,
ukichora nyuma ya karatasi ya chakula,
jinsi mfuko wangu wa uzazi ulivyogoma kujikaza,
ukalala legelege kama mto uliotokwa na manyoya,
na jinsi ulivyoufunga kwa mikanda miwili,
mbele, juu, nyuma, ukarudi mbele, kisha fundo,
kama mikanda ya suruali ya babu mabegani,
sikuogopa. Niliuliza uzi gani.
Ukacheka, macho mekundu ya kukesha.
"Ule unaoyeyuka."

Lita mbili na nusu. Wit alizihesabu
kwa vitambaa vilivyokuwa vikitupwa ndooni,
halafu akaacha kuhesabu, akaanza kusali,
yeye asiyesali hata Krismasi.
Mimi baridi ilinipanda kutoka vidoleni
na niliomba neno moja tu: ikome.
Ikakoma.
Kalina alikuwa analia chumba cha pili
na nilikuwepo kumsikia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wewe uliziba ufa, Daktari, uliuziba barabara,
na ukuta ukajengeka hata hivyo,
ndani kwa ndani, bila fundi.

Kwanza hedhi ikapungua. Siku tano zikawa mbili,
mbili zikawa doa la kutu kwenye pamba,
kisha hakuna kitu, ila maumivu kwa tarehe yake,
kama mgeni anayepiga hodi nyumba iliyozibwa mlango.
Mama mkwe akasema una bahati, unaokoa pesa.
Kalina ana miaka minne. Hupanga vikombe vitatu mezani
na cha nne hukiweka sakafuni, cha mtoto.
Nakiosha pamoja na vingine.

Februari, mwenzako mwenye kamera nyembamba kama utambi
akanionyesha kwenye skrini: mbele na nyuma zimegandana.
Utando mweupe, nyuzi, makovu.
Chumba kimekuwa kama mfuko wa koti jipya,
ule ambao kiwandani huushona mdomo
ili usilegee kabla ya kununuliwa.
Nimefumua mifuko mingi ya namna hiyo.
Unatafuta ncha, unakata polepole, usiguse kitambaa.
Akakata vivyo hivyo, kwa mkasi mdogo kuliko ukucha,
akaacha humo puto la wiki moja kuzitenga kuta,
akaniandikia vidonge.
"Huenda zikashikana tena," alisema. "Huenda zisishikane.
Na hata zisiposhikana..."
Sentensi akaiacha hapo, nami sikuivuta.

Sikuja kulaumu. Nimeleta kiti.
Kile cha chumba cha zamu, ulichokalia kunichorea;
muuguzi alinipa nikitengeneze, springi zilikuwa zimetoka nje.
Nimekivika kijani.
Ukikigeuza chini utauona mshono wangu.
Si mzuri. Ilikuwa usiku, nilikuwa na haraka,
nilitaka tu kishike.

Sasa damu ile ile niliyoiombea ikome
naiendea chooni mara saba kwa siku
kuangalia kama imefika.
Ilikuwa ije tarehe kumi na tisa. Leo ishirini na mbili.
Kalina anagonga mlango:
Mama, unafanya nini humo?
Nasubiri.
Nani?